Mtoto Akikamatwa Akiendesha Pikipiki Huku Amelewa: Haki Zake na Utetezi Wake Kisheria

Ni jioni ya siku ya gulio na simu inaita. Anayepiga ni kijana mwenzake na mwanao. "Mzee, shikamoo. Mwanao amekamatwa na trafiki. Alikuwa kwenye pikipiki, wanasema amekunywa." Kijana ana miaka 16. Hana leseni, na pikipiki si yake. Baba anasimama mlangoni hajui aende kituoni na nini: fedha, wakili au fimbo.

Huu ni mfano tu, lakini katika vijiji vingi mfano huu hauna ugeni. Wavulana wanajua kuendesha pikipiki kabla hawajamaliza shule, na pombe haiko mbali na wanakopaki. Makala haya yanaeleza sheria ya Tanzania Bara inasema nini mtoto akikamatwa kwa kuendesha chombo cha moto akiwa amelewa, anavyoweza kujitetea, na mzazi afanye nini kuanzia saa ile ya kwanza. Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2011, kwa hiyo msikilizaji wa huko aulize kwa wakili wa huko.

Kwa ufupi

- Kila mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria, hata kama ana ndevu, anajitegemea au ana mke.
- Kesi ya mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faragha, akiwepo Afisa Ustawi wa Jamii.
- Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela.
- Ana haki ya kuwa na mzazi au mlezi wake, na ana haki ya wakili.
- Kinga zote hizi zinategemea jambo moja: umri wake wa kweli uandikwe tangu mwanzo.

Umri ndio mlango wa kwanza

Kosa linaloharibu kesi nyingi za vijana hufanyika dakika za mwanzo, na anayelifanya ni kijana mwenyewe. Askari anamuuliza, "Una miaka mingapi?" Kijana anaogopa kwamba akisema 16 ataulizwa mbona anaendesha, basi anajibu, "Kumi na tisa." Anadhani ameruka kosa dogo. Kumbe amejivua nguo aliyovikwa na sheria. Umri ule unaingia kwenye kitabu cha kituo, unahamia kwenye maelezo yake, kisha kwenye hati ya mashtaka. Analazwa mahabusu na watu wazima, anapelekwa mahakama ya kawaida, na mbele yake kuna adhabu za mtu mzima, kifungo kikiwemo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Haiangalii kimo wala sauti. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kufika kituoni na uthibitisho wa umri. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA ndicho bora. Kama hakipo, chukua kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya mwalimu mkuu inayoonyesha tarehe iliyoandikwa kwenye daftari la uandikishaji. Mzazi mwenyewe pia anaweza kutoa ushahidi wa umri wa mwanawe, na daktari anaweza kuitwa kuukadiria. Umri ukibishaniwa, mahakama hufanya uchunguzi wake kabla ya kuendelea.

Kama kijana ameshadanganya, mambo hayajaharibika moja kwa moja. Mzazi amwambie mkuu wa kituo mara moja, amwonyeshe cheti na kuomba umri urekebishwe. Ikishindikana hapo, siku ya kwanza mahakamani, kabla mashtaka hayajasomwa, mzazi au wakili asimame na kusema: "Mheshimiwa, huyu ni mtoto, na uthibitisho huu hapa." Kadiri linavyosemwa mapema ndivyo linavyokuwa rahisi.

Kuna na umri wa chini kabisa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Aliye kati ya miaka 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya ni kibaya. Mwenye miaka 15, 16 au 17 anawajibika, ila kwa utaratibu wa watoto.

Usiku wa kituoni

Mtoto akiwekwa chini ya ulinzi, polisi wanatakiwa kumjulisha mzazi au mlezi mapema iwezekanavyo kwamba wanaye, na kwa kosa gani. Hatakiwi kuchanganywa na watu wazima mahabusu. Ukifika ukakuta yuko chumba kimoja na wakubwa, omba kwa heshima aondolewe, na uliza kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa dawati hilo wamepewa mafunzo ya kushughulikia watoto.

Mkuu wa kituo anaweza kumwachia mtoto kwa dhamana ya mzazi, mlezi au ndugu, au hata bila mdhamini. Anaweza kukataa kama kosa ni la mauaji au lina adhabu inayozidi miaka saba, kama ni kwa usalama wa mtoto kumtenga na watu wabaya, au kama kumwachia kutavuruga haki. Kuendesha umelewa, pasipo mtu kuumia, kwa kawaida ni kosa ambalo dhamana yake inazungumzika. Na dhamana haiuzwi. Ukiombwa fedha ili mtoto atoke, hiyo ni rushwa. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Malipo yoyote halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti.

Asipopata dhamana, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema kadiri inavyowezekana. Andika saa aliyokamatwa. Muulize mwanao na waliokuwepo, kisha weka kwenye simu yako. Saa hiyo itahitajika baadaye.

Halafu kuna mahojiano. Maelezo anayoandika mtuhumiwa polisi, yanayoitwa maelezo ya onyo, yanaweza kutumika mahakamani dhidi yake. Kabla ya kuhojiwa anatakiwa kuambiwa kosa analotuhumiwa, na kwamba halazimiki kujibu lolote zaidi ya kutaja jina na anuani yake. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne tangu aliposhikwa, isipokuwa umeongezwa kisheria. Mzazi aombe kukaa naye wakati anahojiwa. Mtoto asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa akaielewa. Maelezo yaliyotokana na kipigo, vitisho au ahadi ya "sema tu tukuachie" yanaweza kupingwa mahakamani.

Jambo moja lisisubiri kabisa: afya. Kijana aliyeanguka na pikipiki akawa anayumba, anatapika au anasinzia anaweza kuwa amelewa, lakini pia anaweza kuwa ameumia kichwa. Harufu ya pombe imewadanganya wengi. Omba fomu ya PF3 na apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Kwanza ni maisha yake, pili rekodi ya daktari ni ushahidi.

Mashtaka huwa zaidi ya moja

Kijana wa mfano wetu hatashtakiwa kwa ulevi peke yake. Hati ya mashtaka inaweza kuwa na kosa la kuendesha akiwa amelewa, la kuendesha bila leseni, la kutovaa kofia ngumu, na la chombo kutokuwa na bima. Kila kosa linasimama kwa miguu yake. Anaweza kushinda la ulevi akashindwa la leseni, maana leseni ama unayo ama huna. Wakili mzuri hupitia kosa moja baada ya jingine, na wakati mwingine humshauri mtoto akubali lile lililo wazi na kupinga lile lisilothibitika.

Ndiyo maana si vizuri kijana kusimama mahakamani na kusema "ni kweli" kwa kila kinachosomwa ili yaishe. Akikiri kosa na kutiwa hatiani, njia ya kukata rufaa dhidi ya hatia hiyo inakuwa nyembamba sana. Akiwa hajaelewa neno, aseme hajaelewa. Mahakama ina wajibu wa kumweleza kosa kwa lugha anayoifahamu.

Ulevi unathibitishwaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaangalia mambo mawili. La kwanza, dereva amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo sawasawa. La pili, pombe mwilini mwake imezidi kiwango kilichowekwa, ambacho ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa hiyo swali la mahakama halikomi kwenye "alionja au hakuonja". Swali ni: alizidi kiwango, au alishindwa kukimudu chombo?

Kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka, na wanatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi. Mtoto hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakulewa. Ushahidi wao hutoka sehemu tatu.

Kipimo cha pumzi. Askari humpulizisha dereva kwenye kifaa, nacho hutoa namba. Kifaa ni msaada mkubwa, lakini kina masharti. Kinahitaji kukaguliwa na kurekebishwa kila baada ya muda. Aliyekipuliza dakika chache tu baada ya kumeza funda la pombe, au kusukutua kwa dawa ya kinywa yenye kilevi, anaweza kuonyesha namba kubwa kuliko iliyo kwenye damu yake, kwa sababu kifaa kinasoma mvuke uliobaki mdomoni. Kwa sababu hiyo wapimaji makini husubiri kama dakika 15 kabla ya kupima.

Kipimo cha damu. Hiki huchukuliwa na mtaalamu wa afya. Maswali yake ni mengine: nani alitoa damu, saa ngapi, chupa iliandikwa jina gani, ilihifadhiwa wapi, ilifikaje maabara? Mlolongo huo ukikatika mahali, hakuna uhakika kwamba damu iliyopimwa ni ya mtoto huyu.

Macho ya mashahidi. Askari au raia husema alikuwa anayumba, macho mekundu, ananuka pombe. Huu ni ushahidi, lakini ni dhaifu ukisimama peke yake. Macho mekundu huletwa na vumbi la barabarani. Kuyumba huletwa na uchovu, kifafa, sukari kushuka au jeraha la kichwa. Harufu inaonyesha kwamba kuna pombe iliyonywewa au kumwagika, haionyeshi ni kiasi gani.

Je, mtoto akatae kupimwa? Hapana. Kukataa kipimo halali bila sababu ya msingi ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, na mahakamani kukataa kunasikika vibaya. Kama ana sababu, kwa mfano pumu au jeraha la kifua linalomzuia kupuliza, aiseme palepale na aombe iandikwe. Na wale wanaosema kahawa, maziwa au maji ya baridi huondoa ulevi wanajidanganya. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake, na kinachoondoa pombe mwilini ni muda tu.

Hoja za utetezi zinazosimama

Hakuwa anaendesha. Kukutwa umekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, au unaisukuma kwenda nyumbani, si sawa na kukutwa unaendesha. Hata hivyo tahadhari: sheria inaweza kumgusa pia aliyelewa akiwa na usimamizi wa chombo barabarani, kwa hiyo mazingira yaelezwe kwa makini. Ilikuwa wapi, injini ilikuwa inanguruma, funguo alikuwa nazo nani?

Haikuwa barabarani. Makosa haya yanahusu barabara inayotumiwa na umma. Aliyekuwa anajifunza ndani ya shamba la familia hayuko mahali pamoja na aliyekuwa barabara kuu. Barabara ya vumbi ya kijiji inayotumiwa na kila mtu ni barabara, hata kama haina alama.

Kipimo kina kasoro. Hapa wakili huomba rekodi za kifaa, saa ya kupima na jina la aliyepima.

Ni ugonjwa au jeraha. PF3, kadi ya hospitali na daktari ndio mashahidi.

Maelezo ya onyo hayakupatikana kihalali. Hoja hii inatolewa pale mwendesha mashtaka anapotaka kuyawasilisha mahakamani. Ikisubiri siku ya mwisho, inakuwa imechelewa.

Si yeye. Usiku, vijana watatu kwenye pikipiki moja, wote wanaanguka. Nani alikuwa mbele? Mara nyingi mwenye pikipiki humsukumia mdogo kesi, akijua mtoto hafungwi. Mtoto asikubali kubeba mzigo wa mkubwa kwa ahadi ya fedha au ya kazi.

Hoja zisizosimama

"Sikujua sheria." Kutojua sheria hakumwokoi mtu. "Nilitumwa na bosi." Hii inaweza kupunguza uzito wa adhabu na kumuingiza bosi matatizoni, lakini haifuti kosa. "Nilikunywa kidogo tu." Kidogo chake hakina kipimo. Na ushahidi wa uongo ndio mbaya kuliko yote: mjomba anayeapa kwamba kijana alilala nyumbani usiku kucha, wakati askari wawili walimshika njiani, anaharibu hata hoja zile nzuri zilizokuwepo. Mtoto amwambie wakili wake ukweli wote. Wakili anatunza siri, na hawezi kuzuia shimo asiloonyeshwa.

Ndani ya Mahakama ya Watoto

Mahakama ya Watoto ilianzishwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, na taratibu zake zilifafanuliwa kwa kanuni za mwaka 2016. Anayeketi ni hakimu mkazi. Si kila wilaya ina jengo lake, ndiyo maana Jaji Mkuu ana mamlaka ya kutenga majengo ya mahakama za mwanzo yatumike kwa kazi hiyo. Usishangae kesi ya mwanao ikisikilizwa katika jengo lilelile la mahakama ya mwanzo unalolijua. Kinachobadilika ni utaratibu.

Milango hufungwa. Wanaoingia ni wahusika tu: hakimu, mwendesha mashtaka, Afisa Ustawi wa Jamii, mzazi au mlezi, wakili na mashahidi. Lugha ni ya kawaida na maswali hayatakiwi kuwa ya kumtisha. Mtoto ana haki ya kujieleza na kutoa maoni yake, na haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu lazima aelezwe. Jina na picha yake hazitakiwi kutangazwa. Hili liwafikie pia wenye makundi ya WhatsApp ya kijiji: kusambaza video ya mtoto aliyelewa akiwa chini ya ulinzi ni kumwongezea adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

Mtu muhimu kuliko wengi wanavyofikiri ni Afisa Ustawi wa Jamii. Yeye huandaa ripoti kuhusu maisha ya mtoto: anaishi na nani, anasoma, kwa nini alikuwa kwenye pikipiki, nani alimpa pombe, familia ina mpango gani. Ripoti hiyo humsaidia hakimu kuamua afanye nini naye. Mzazi asimfiche mambo akidhani ni askari. Mpe namba ya mwalimu wake, mpeleke nyumbani, mweleze ukweli hata kama unaumiza.

Kesi ikiahirishwa na mtoto hana dhamana, hatakiwi kupelekwa gereza la watu wazima. Kuna mahabusu za watoto, zikiwemo za Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Kwa kuwa ziko mbali na wilaya nyingi, wakili hupigania dhamana kwa nguvu, ama kuomba mtoto akabidhiwe kwa mtu anayefaa karibu na nyumbani. Mtoto wa kijijini akipelekwa mkoa mwingine, shule inakatika na mzazi anashindwa nauli ya kumtembelea.

Akipatikana na hatia

Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto, kama ilivyopitishwa 2009, kinasema mtoto hatahukumiwa kifungo, hata kama sheria nyingine inasema vinginevyo. Hii haina maana kwamba anarudi nyumbani kama vile hakuna kilichotokea. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti kwamba asirudie kosa kwa muda fulani. Inaweza kumweka chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii, au kumkabidhi kwa mtu au taasisi inayofaa. Inaweza kumtaka mzazi aweke ahadi ya kumsimamia, au alipe faini au fidia. Na katika hali nzito, inaweza kuagiza apelekwe shule ya maadilisho, ambayo iko Irambo, mkoani Mbeya.

Hapo ndipo maombi ya kupunguziwa yanapokuwa na thamani. Maombi mazuri hayana machozi mengi, yana vitu vya kuonyesha: barua ya shule kwamba nafasi yake ipo, mzazi aliyekuja kila tarehe, mwenye pikipiki aliyeichukua, ushauri nasaha alioanza kuhudhuria, na kijana mwenyewe anayeweza kusema kwa maneno yake alichokosea. Muda aliokaa mahabusu utajwe pia.

Kama kuna aliyeumia au aliyekufa

Mambo yanabadilika. Mashtaka yanakuwa ya kusababisha majeraha au kifo kwa kuendesha vibaya, dhamana inakuwa ngumu, na kuna familia nyingine yenye msiba. Haki za mtoto zilizotajwa hapo juu zinabaki zilezile, pamoja na ile ya kutofungwa, lakini hapa wakili ni wa lazima. Familia ya mtoto inaweza kwenda kutoa pole na kusaidia matibabu au mazishi. Huo ni utu, na mila zetu zinaudai. Ila kikao cha wazee hakifuti kesi ya jinai, na maandishi yoyote ya makubaliano yaonwe na wakili kabla ya kutiwa saini. Kampuni za bima nazo mara nyingi hukataa kulipa, au hulipa kisha zikamdai mmiliki, dereva akiwa hana leseni au amelewa. Familia imeuza ng'ombe na shamba kwa safari moja ya kilomita tatu.

Na watu wazima je?

Mtoto hakujipa pikipiki wala hakupika pombe. Sheria ya Mtoto inakataza kumuuzia mtoto pombe, na inamtaka mwenye baa asimruhusu kuingia. Sheria ya Usalama Barabarani inamgusa mmiliki anayemruhusu asiye na leseni kuendesha chombo chake. Kwa hiyo bosi anayempa mvulana wa miaka 15 pikipiki ili alete hesabu ya siku naye ana kesi ya kujibu. Wakili wa mtoto ana sababu ya kulisema hili: linamwonyesha hakimu kwamba mtoto huyu anahitaji kulindwa kama anavyohitaji kurekebishwa. Kama pombe yenyewe ilikuwa gongo, ambayo ni haramu kwa mtu wa umri wowote, aliyeiuza ana lake pia.

Msaada bila fedha

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko wilayani na vijijini. Msaidizi wa kisheria anaweza kukueleza sheria, kukusaidia kuandika barua, kukusindikiza kituoni na kukuunganisha na wakili. Hawezi kusimama mahakamani kama wakili, na hatakiwi kukutoza. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, au kwa mtendaji wa kata. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na TAWLA hutoa msaada wa kisheria bure. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Yafanye haya kwa mpangilio

1. Nenda kituoni mwenyewe, usimtume mtu. Chukua uthibitisho wa umri.
2. Hakikisha umri ulioandikwa ni wa kweli.
3. Kama ameumia, omba PF3 kabla ya jambo lolote.
4. Omba dhamana. Usilipe kitu kisicho na risiti.
5. Mjulishe Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wilaya.
6. Kaa na mtoto wakati anahojiwa. Asitie saini asichokielewa.
7. Andika saa ya kukamatwa, mahali, majina ya mashahidi na namba ya jalada la kesi.
8. Tafuta msaidizi wa kisheria au wakili kabla ya tarehe ya kwanza.
9. Hudhuria kila tarehe. Asipofika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na mdhamini akawajibishwa.

Makala haya ni maelezo ya jumla. Kila kesi ina mambo yake, na sheria hufanyiwa marekebisho, hivyo vifungu vikaguliwe na mwanasheria. Lakini lile la kwanza halihitaji mwanasheria, na unaweza kulifanya leo jioni wakati wa chakula. Mwambie mwanao: pombe na usukani havikai pamoja, na pikipiki ya watu bila leseni aiache. Na akiwahi kuulizwa umri na askari, aseme wa kweli. Kisha nenda ukaangalie cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi.